Jogoo Aliyetangulia Fahali

Mwaka 1949, katika maabara moja ya London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes waligandisha shahawa za jogoo, na zilipoyeyuka mbegu zikaanza tena kuogelea. Bahati iliwasaidia: chupa waliyodhani ina sukari ilikuwa na gliseroli. Haukupita muda, faida ikaenda kwa fahali. Kituo cha Kabete nchini Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1946 kwa ajili ya uhimilishaji wa ng'ombe, kikabaki na ng'ombe wake. Jogoo aliyetangulia akaachwa nyuma, na naona kwamba sehemu kame kama Balambala, mji ulio juu ya Garissa kando ya mto Tana, ndizo zilizopoteza zaidi.

Sababu ya kwanza ni maumbile. Kumkamua jogoo si kazi: mgongo unapapaswa kuelekea mkiani, mkia unainuka, na kwa kubana kidogo linatoka tone jeupe ambalo mara nyingi halifiki hata nusu mililita. Ila tone hilo lina mabilioni ya mbegu, na ngozi ya kila mbegu imejaa mafuta laini yanayochacha upesi yakikutana na oksijeni. Likiachwa hivi hivi kwenye joto, uwezo wake hupungua ndani ya saa moja. Gliseroli nayo, iliyomfaa sana fahali, humzuia kuku kutunga mayai yenye mbegu isipoondolewa kwanza. Ndiyo maana watafiti waligeukia antioksidanti, kama vile vitamini E na seleniamu: kazi yake ni kuzuia huko kuchacha, shahawa zilizopozwa zikae saa nyingi zaidi bila kuharibika. Kwa Balambala, saa hizo ndizo zinazoamua kama mbegu itafika au haitafika.

Sababu ya pili ni hesabu. Jogoo ni rahisi kununua na rahisi kubeba. Kwa hiyo mpango wa kitaifa wa kuendeleza kuku, ulioanza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, ulichagua kubadilishana: mfugaji atoe jogoo wa kienyeji, apewe wa kizungu. Kaskazini Mashariki, mkoa uliokuwa na Balambala, ilikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari zilizoachwa na vita vya Shifta, na sheria hizo hazikuondolewa hadi 1991, kwa hiyo haikuwa rahisi kufikiwa. Lakini hata pale mpango ulipofika, ulihesabu kuku wa kienyeji kuwa kitu cha kubadilishwa, kumbe yeye ndiye aliyekwisha kuzoea jua na kujitafutia chakula.

Mtu atasema Wasomali wafugaji hawakuwa watu wa kuku. Ngamia na mbuzi ndio mali, na wazee wengi walimdharau hata yule anayekula kuku. Ni kweli kwa malisho, si kwa ukingo wa mto, wanakolima Wamunyoyaya. Tena ukame, ukiwemo ule wa 2011 na ule wa 2020 hadi 2022, umezisukuma familia nyingi kuhamia mijini, ambako kuku ni mtaji ambao mama anaweza kuuanza bila kuuza mbuzi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa nini mtu ahangaike na friji wakati jogoo anapanda bodaboda? Kwa kupandisha mitetea tu, sina ubishi, bodaboda inashinda. Ila jogoo huyo huyo anaweza kuja na ugonjwa wa kideri, na kideri kikipita, ukoo mzima wa kuku waliozoea mahali huweza kutoweka kwa wiki moja. Akiba ya shahawa ingefaa kwa ajili ya hao: vishingo, kuku wasio na manyoya shingoni, na wenzao wa nyanda kavu, si kwa kuleta damu mpya. Hata hivyo, kwa ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia, na moja kati ya hizo haimo kabisa katika shahawa. Akiba ya jogoo peke yake huokoa sehemu tu ya ukoo, na ndiyo maana watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, hugandisha pia seli changa zinazotolewa kwenye viinitete vya kuku wa kienyeji.