Mwanagenzi na Kibarua

Katika kijiji chetu yuko kijana aliyepelekwa kwa fundi mwashi ili ajifunze kujenga. Huu ni mwaka wa pili. Kila siku huchota maji, hukoroga chokaa na kupandisha mawe, na jioni hupewa ujira wake. Lakini mwiko hajaushika, wala hajafundishwa kutumia timazi. Baba yake aifurahia fedha. Sisi twauliza: je, huyu ni mwanagenzi au ni kibarua?

Swali hili ni la zamani. Huko Uingereza, mwaka 1563, siku za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilitolewa sheria kwamba mtu asifanye kazi ya ufundi mpaka awe amejifunza kwa bwana wake miaka saba. Mapatano yaliandikwa mara mbili katika karatasi moja, kisha ikakatwa kwa mkato wenye meno kama ya msumeno. Kila upande ukachukua kipande chake. Ukizuka ugomvi, vipande viliunganishwa, na meno yasipoingiana, udanganyifu ulijulikana. Kijana aliahidi kutii, asicheze kamari, wala asioe kabla ya muda wake kwisha. Naye bwana aliahidi kumlisha, kumlaza na kumfundisha kazi yake.

Walakini kwa kawaida mshahara hakupata. Bali mara nyingi mzazi ndiye aliyemlipa bwana, hata serikali ikayatoza kodi malipo hayo tangu mwaka 1710. Hivyo mtoto wa maskini alifungiwa milango mingi. Lazima ile ya miaka saba ilifutwa mwaka 1814.

Huko Marekani, sheria ya mwaka 1937 ilimpa Waziri wa Kazi madaraka ya kuweka kanuni za kuwalinda wanagenzi. Kwa kanuni hizo, seremala au mwashi anayejifunza hulipwa tangu mwanzo, na ujira wake huongezwa kadiri ustadi wake unavyozidi. Tena, pamoja na kazi ya mikono, yapendekezwa apate masomo saa 144 kila mwaka. Na yote huandikwa: atafundishwa nini, kwa muda gani, na atalipwa kiasi gani.

Sisi wazazi na walimu tuliuliza habari za fedha tu. Habari za kufundishwa hatukuuliza. Juzi baba wa kijana yule alimwendea fundi, akaomba waandikiane. Fundi alisema atafikiri.