Dogo wa Kibiti, Minecraft na Bibi Aliyehamishwa Bondeni

Wadau, leo tuwaache mastaa wapumzike kidogo. Kuna dogo mmoja wa Kibiti, mtoto wa dada yangu (jina nalihifadhi, ana hasira huyo), likizo iliyopita alilia machozi kabisa kwa sababu ya gemu.

Gemu yenyewe ni Minecraft, ile ya Markus Persson wa Sweden iliyotoka mwaka 2009. Dogo alikuwa anaicheza peke yake kwenye kompyuta iliyochoka. Alijenga mto wenye mikono mingi kama delta yetu ya Rufiji, akapanga mikoko pembeni, akasimamisha nyumba za juu ya nguzo, yale madungu ya kule bondeni. Wenzake walipoona wakamwambia, hii weka kwenye seva tuingie wote.

Akafanya kama inavyotakiwa. Alinakili folda ya ulimwengu wake kutoka kwenye saves, akaipeleka kwenye folda ya seva, akaandika jina lake kwenye faili la server.properties, sehemu ya level-name, kisha akawasha. Kuingia ndani, mto upo, madungu yapo, ila yeye mwenyewe hana kitu. Panga, chakula, almasi, vyote alivyokuwa amebeba vimeyeyuka. Kasimama mlangoni kwake kama mgeni.

Kisa ni hiki. Unapocheza peke yako, gemu inakujua wewe ndiye mwenye ulimwengu, na mzigo wako unaandikwa kwenye faili la ulimwengu wenyewe, level.dat. Seva haina habari na mwenye nyumba. Kila anayeingia ni namba, na kila namba ina faili lake ndani ya playerdata. Dogo alikuwa amezima ukaguzi wa akaunti (online-mode) ili wenzake wasio na akaunti za kulipia wapate kuingia, na hapo seva ikampa namba mpya. Kwa seva, huyo ni mtu aliyezaliwa leo.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Zamani kucheza peke yako na kucheza na wenzako vilikuwa vitu viwili tofauti ndani ya gemu hiyo. Tangu toleo la 1.3 la Agosti 2012, hata ukiwa peke yako gemu inaendesha kiseva kidogo ndani kwa ndani. Kwa hiyo dogo alikuwa kwenye seva siku zote, ila mlango ulikuwa umefungwa.

Bibi yake alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, anasikiliza. Akacheka. "Hata sisi tulihamishwa hivyo hivyo, mjukuu wangu. Tulifika, vitu vikabaki."

Hapo ndipo na mimi nikakaa chini.

Zamani Wandengereko na wenzao wengi wa bonde la Rufiji waliishi wametawanyika, kila kaya na shamba lake. Mto ukifurika unaleta tope, maji yakipungua watu wanapanda kwenye unyevu ule, kilimo wanachokiita mlau. Mafuriko yalikuwa adui na mbolea kwa wakati mmoja. Azimio la Arusha likatoka mwaka 1967, mafuriko makubwa yakaja 1968, na kufikia 1969 serikali ilikuwa inawahamishia watu kwenye ardhi ya juu, katika vijiji vya ujamaa. Rufiji ilitangulia: amri ya nchi nzima kuishi vijijini ilikuja 1973.

Sababu zilizotolewa zilikuwa na mantiki. Huwezi kupeleka shule, zahanati na bomba kwa kaya moja moja porini. Bibi mwenyewe anakubali kwamba wanawe walisoma kwa sababu ya kijiji. Ila shamba lilibaki bondeni. Mpunga usipolindwa, nguruwe mwitu na nyani wanajisevia, na ndege nao hawasubiri kualikwa. Basi msimu ukifika watu walirudi chini, wakapandisha madungu, wakalala huko miezi, huku kwenye daftari la kijiji wakisomeka kuwa wako juu. Kwa maoni yangu waliopanga vijiji walihesabu nyumba, wakasahau kwamba mtu wa Rufiji mali yake iko kwenye tope.

Aprili 2024 maji yakaja tena, Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba vikazama, na wito ukawa uleule wa kwenda juu. Bibi hakushangaa. Alichouliza ni kama tope limebaki zuri.

Tukarudi kwa dogo. Faili lake la zamani halikuwa limefutwa, lilikuwa limelala humo humo kwenye playerdata na namba ya zamani. Tulizima seva, tukalibadilisha jina liwe la namba mpya, tukawasha. Almasi zote zikarudi.

Bibi akasogea kwenye kioo, akatazama yale madungu ya vibosi, akauliza, "Na hapa nani analinda ndege?"