Safu ya Lugha: Fuliza

Jioni, kandokando ya Barabara ya Uganda mjini Eldoret. Nauli ya bodaboda ni shilingi mia moja, salio kwenye simu ni arobaini. Abiria anamwambia mwendeshaji: "Ngoja nifulize."

Mwulize mzee wa Lamu maana ya kufuliza. Huenda asitaje pesa hata kidogo. Kufuliza ni kutenda jambo bila kukatiza: mvua imefuliza siku tatu, msafiri amefuliza hadi nyumbani. Ni ndugu wa fululiza na mfululizo. Januari 2019, Safaricom iliita Fuliza huduma ya M-Pesa inayomwezesha mteja kulipa hata salio lisipotosha. Malipo yasikatike, ndiyo maana yake.

Neno likanoga mitaani, likageuka nomino: "Nina fuliza", "fuliza yangu haijaisha." Angalia lakini lisilotajwa: wala mkopo, wala deni. Ndivyo ilivyo pia kwa Okoa Jahazi, muda wa maongezi wa kukopa, jina la baharini linalotamkwa huku nyanda za juu bila mtu kulowa.

Ila kamusi haidanganyi. Ada ya Fuliza huhesabiwa kwa siku, na pesa zikiingia, deni hukatwa kwanza. Mteja alidhani kinachofuliza ni malipo. Kumbe deni nalo hufuliza. Kampuni ikikupa neno tamu, litafune kwanza ndipo ubonyeze.