Picha za Eyasi Zilizokwenda Ughaibuni

Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, magari ya watalii huingia alfajiri kuwawahi Wahadzabe kabla hawajatoka kwenda kuwinda, na jua halijapanda kamera zimeshamaliza kazi. Kwa wenyeji hilo si geni. Mwaka 1911 mwanajiografia Mjerumani Erich Obst aliwafikia Wahadzabe, akawaandika kwa jina la Wakindiga. Mwaka 1930 akaja Dorothea Bleek kutoka Cape Town. Kisha, kati ya 1934 na 1939, kwa vipindi viwili, Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit wakapiga kambi kandokando ya ziwa. Margit ndiye aliyeanza kuchimba pango la Mumba, ambalo wanaakiolojia wanalirudia mpaka leo.

Hao walikuwa watafiti. Wamishonari walikuja na kamera kwa haja nyingine. Upande wa kusini-magharibi wa ziwa, kwenye nyanda za juu za Iramba, Misheni ya Leipzig ilifungua kituo Ruruma mwaka 1911. Wajerumani wale walifukuzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 kazi ya Iramba ikachukuliwa na Walutheri wa Marekani wa kanisa la Augustana. Mmoja wao, Elmer Danielson, alifika Tanganyika mwaka 1928. Alikaa miaka arobaini.

Picha za familia za wamishonari zilikuwa barua. Zilipelekwa kwa bibi na babu waliobaki ng'ambo, zikapelekwa kwenye sharika zilizotoa sadaka, zikaonyeshwa ukutani kwa taa katika mikutano ya jioni, zikachapwa kwenye kadi za posta na kalenda. Ndiyo maana mambo yaleyale hujirudia: kanisa linaezekwa, wanafunzi wamepangwa mistari, mwalimu amevaa shati jeupe. Mtoa sadaka alitaka kuona sadaka yake imefanya nini. Nami siwalaumu waliopiga. Kila anayeandika barua nyumbani huchagua la kusema.

Lakini itazame picha moja ya aina ile, ya familia barazani. Baba amekaa, mama amekaa, watoto wako mbele yao. Pembeni amesimama yaya wa Kiafrika amempakata mtoto mchanga, naye mtoto amemlalia begani kwa raha ya aliyezoea. Chini ya picha mara nyingi pameandikwa mwaka, kituo na majina ya Wazungu wote, hadi la huyo mchanga. La yaya halipo. Aliyeandikiwa barua hakumjua, kwa hiyo aliyeandika hakuona haja.

Kisa cha familia ya Danielson yenyewe kiliingia katika picha zilizotazamwa na mamilioni, na hazikupigwa Tanganyika. Vita ya Pili ilipoanza, wamishonari wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na Waamerika wachache wakabebeshwa vituo vilivyoachwa. Danielson alikuwa huku peke yake. Machi 1941 mkewe Lillian alipanda meli ya Misri, Zamzam, pamoja na watoto wao sita, ili wamfuate. Ndani ya meli hiyo walikuwemo wamishonari zaidi ya mia moja, wakiwa na jamaa zao, na madereva wa magari ya wagonjwa.

Alfajiri ya tarehe 17 Aprili, katika Atlantiki ya Kusini, meli ya kivita ya Kijerumani Atlantis, iliyojifanya meli ya mizigo, iliipiga Zamzam kwa mizinga. Lillian na watoto wote sita waliokolewa. David Scherman, mpiga picha wa gazeti la Life aliyekuwa abiria, aliipiga picha meli ikizama, akaipiga na ile iliyoizamisha. Abiria walichukuliwa mateka, wakahamishiwa meli nyingine, wakafikishwa Ufaransa mwezi Mei. Wajerumani walichukua filamu nyingi za Scherman, lakini nyingine aliwapita nazo, moja ikiwa ndani ya mrija wa dawa ya meno. Life lilizichapa tarehe 23 Juni 1941, na picha ya Atlantis ikawafikia Waingereza. Tarehe 22 Novemba meli yao Devonshire iliitambua Atlantis, ikaizamisha.

Lillian na watoto walirudishwa Marekani. Danielson akabaki Tanganyika na jamaa yake ng'ambo ya bahari, akiwa na barua na picha tu, kama wale ndugu wa ng'ambo aliokuwa akiwatumia zake.

Leo picha nyingi za Misheni ya Leipzig kutoka kaskazini mwa Tanzania zimewekwa kwenye mtandao na Chuo Kikuu cha Southern California, pamoja na za wamishonari wa Herrnhut waliokuwa kusini. Kuzitazama ni bure. Maelezo yake yana mahali, mwaka unaokisiwa na jina la mpiga picha.

Kinachokosekana, yaani majina ya waliomo pichani, kiko huku kwetu. Aliyekuwa mtoto wa shule katika miaka ya 1940 sasa amepita miaka themanini, na bado anaweza kumtambua shangazi yake kwa jinsi alivyofunga kanga, au kusema ule mti ulikuwa wapi kabla barabara haijapita. Usharika wowote wa Iramba, Pare au Machame unaweza kuzichapa picha zake, ukazitandika mezani baada ya ibada ya Jumapili, ukamweka kijana mwenye daftari pembeni. Mang'ola nayo ina wazee wa Kihadzabe na Kidatoga wa kuwaonyesha picha za akina Kohl-Larsen.