Hesabu ndefu, jibu fupi

WANAFIZIKIA nao wana shida za lugha. Mwaka 1985, Stephen Parke na Tomasz Taylor wa maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, walikokotoa gluoni mbili zikigongana na kutoka nne. Gluoni ni chembe zinazoshikanisha kiini cha atomu. Kwa lugha ya michoro ya Feynman, hiyo ni michoro 220. Si mchezo! Mwaka uliofuata wakachapisha fomula ya mstari mmoja kwa aina moja ya migongano, haidhuru gluoni ni ngapi. Walikiri kwamba wameikisia, na hapo ndipo ninapowaheshimu. Berends na Giele waliithibitisha 1988.

Kwani urefu ule ulitoka wapi? Kila mchoro hubeba ziada ambazo hufutana michoro ikijumlishwa.

Kazi huwa nzito zaidi penye vitanzi (nakipenda kitanzi kuliko ‘lupu’, ingawa kinatisha), yaani chembe zinapozuka na kutoweka katikati ya mgongano. Miaka ya 1990, Bern, Dixon na Kosower walianza kuunda vitanzi kutokana na majibu mafupi yaliyokwisha kupatikana. Mwaka 2008 Bern, Carrasco na Johansson wakaonyesha kwamba hesabu ya gluoni ikipangwa vyema, sehemu zake zikizidishwa kwa zenyewe hutoa hesabu ya graviti. Kwa vitanzi, walipendekeza hivyo 2010; hadi leo ni kisio, lakini kisio kinachofanya kazi.