Toni Iliyoachwa Nje: Kuandika Kimaasai katika Bonde la Ufa

Uandishi wa sauti za lugha simulizi aghalabu huchukuliwa kuwa suala la kiufundi, la wanafonetiki peke yao. Historia ya nchi iliyo kati ya Naivasha na Nakuru yaonyesha vingine.

Jina la Naivasha lenyewe ni ushahidi. Wamaasai husema Enaiposha, na sauti ya v haimo miongoni mwa fonimu za lugha yao. Gustav Fischer na Joseph Thomson walifika ziwani mwaka 1883. Ramani zikafuata masikio ya wageni. Mwaka 1904, hapo hapo Naivasha, yalitiwa saini mapatano yaliyowahamisha Wamaasai kutoka bondeni hadi Laikipia na upande wa kusini wa reli, ili walowezi wapate ardhi. Wasemaji wakaondolewa, tahajia ikabaki.

Mwaka uliofuata A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha Oxford kitabu chake juu ya lugha na masimulizi ya Wamaasai. Si haki kukibeza. Hadithi, methali na vitendawili vimo kwa Kimaasai chenyewe, na viambishi vya jinsia vimetengwa kwa vistari kwa uangalifu mkubwa. Lakini toni haikuandikwa, na katika Kimaasai toni si pambo la usemi. Kitenzi hutangulia, nomino zinazokifuata hutofautishwa kwa toni, ipi ni kiima na ipi ni yambwa. Kwa kawaida kiima huja kwanza, hivyo msomaji hubahatisha na kupata. Msimulizi anapougeuza mpangilio huo, jambo ambalo sarufi yamruhusu, karatasi haisemi tena ni nani aliyemwona nani.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1955, A. N. Tucker wa London aliposhirikiana na J. Tompo ole Mpaayei, Mmaasai mwenyewe. Sarufi yao ilitambua irabu tisa mahali ambapo herufi za Kirumi hutoa tano, ikaweka na alama za toni. Hapana shaka ushirikiano huo ulikuwa na uzito kuliko alfabeti yoyote: alama haimsaidii asiyeisikia tofauti.

Kwa wahakiki, suala hili lilipata uzito mpya baada ya mjadala wa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, uliodai fasihi simulizi iwekwe katikati ya mtaala. Wakusanyaji walitumwa mashambani. Wengi walinukuu kwa tahajia ya kawaida, isiyo na toni, kisha wakahakiki tafsiri. Wakusanyaji wa Kinandi nao wamo katika tatizo lilo hilo, kwani huko pia toni hubainisha kiima. Pale ambapo kanda ya sauti imehifadhiwa, unukuzi waweza kurudiwa. Pale ambapo kanda ilifutwa ili kurekodia hadithi nyingine, mhakiki amebakiwa na sentensi yenye nomino mbili na mtendaji asiyejulikana.