Urithi wa Treni Ndogo za Umeme

Vitu ambavyo wazee huwaachia watoto wao ni vya namna mbili. Viko vile ambavyo mrithi huvipokea na kuvitumia siku ile ile, kama shamba, nyumba au fedha. Na viko vile ambavyo hufika mkononi mwake vikiwa kimya, navyo havina faida mpaka yeye mwenyewe avifanyie kazi. Katika namna hii ya pili imo treni ndogo ya umeme ya kuchezea. Katika nyumba nyingi za Marekani sanduku la treni hizi lilikaa darini miaka mingi, likapita kutoka kwa babu hadi kwa baba, na kutoka kwa baba hadi kwa mtoto. Aliyelifungua alikuta injini nzito ya chuma, mabehewa, vipande vya reli vilivyoshikwa na kutu, na waya ambao ngozi yake imepasuka. Swali la kila mrithi lilikuwa moja: je, itatembea tena? Mara nyingi jawabu limekuwa ndiyo, na sababu ya jawabu hilo si bahati. Imo katika historia ya watu waliozibuni treni hizo, na katika namna walivyoziunda.

Joshua Lionel Cowen alizaliwa New York mwaka wa 1877, mtoto wa jamaa ya Kiyahudi iliyohamia Marekani. Mwaka wa 1900 alianzisha kampuni pamoja na Harry Grant, akaipa jina lake la kati, Lionel. Chombo chake cha kwanza cha reli, kilichotoka mwaka wa 1901, hakikuwa na uzuri wa treni. Kilikuwa sanduku la mbao lililo wazi juu, lenye magurudumu na mota ndogo, likizunguka katika njia ya duara kwa nguvu ya betri. Wala hakikukusudiwa watoto. Kilikusudiwa kuwekwa katika dirisha la duka ili kizungushe bidhaa mbele ya macho ya wapita njia. Yasimuliwa kwamba wateja walikitaka chombo chenyewe kuliko bidhaa zilizokuwa juu yake. Na mfanyabiashara mwerevu hahitaji kuambiwa jambo hilo mara mbili.

Mwaka wa 1906 Cowen alitoa njia yenye reli tatu. Reli mbili za kando zilibeba magurudumu na kurudisha umeme. Ile ya katikati, iliyotengwa na chuma kingine kwa vipande vya karatasi ngumu, iliupeleka umeme kwenye injini. Reli za kweli hazina sura hiyo, na wapendao mfano halisi wameicheka njia hii tangu zamani. Walakini ubaya wa sura ulificha wema wa matumizi. Mtoto aliweza kuikunja njia yake na kuirudisha juu ya nafsi yake kama apendavyo, na umeme usigongane. Tena kampuni ilishika vipimo. Fikira ya kutengeneza njia za upana maalumu ilikuwa imetangulia Ujerumani, ambako kampuni ya Märklin ya mji wa Göppingen ilionyesha njia za namna hiyo katika maonyesho ya Leipzig mwaka wa 1891. Lionel iliingia katika upana uitwao O mwaka wa 1915, yaani inchi moja na robo, karibu milimita 32, baina ya reli mbili za kando. Kipimo kikishikwa sawasawa ni ahadi inayotolewa kwa watu ambao bado hawajazaliwa. Kwa sababu ya ahadi hiyo, injini iliyotoka kiwandani kabla ya Vita Vikuu vya Pili yaweza kuwekwa leo juu ya njia mpya ya reli tatu ya upana ule ule, nayo ikaenda.

Siri ya pili imo ndani ya mota. Vyombo vingi vya kuchezea vilivyofuata baadaye vina sumaku ya kudumu, ambayo kwa kupita miaka yaweza kudhoofu. Mota ya Lionel ya zamani ilikuwa na koili ya waya badala ya sumaku hiyo. Umeme upitapo, koili hufanya chuma kilicho ndani yake kuwa sumaku; umeme ukatwapo, hubaki chuma tu. Basi hakuna nguvu ya kupotea wakati wa kulala darini. Mota ya namna hii hukubali mkondo geu kutoka kwenye transfoma, lakini ina tabia ngeni: hata nyaya zake mbili zikibadilishana mahali, huzunguka upande ule ule. Ili injini irudi nyuma yahitajiwa swichi ndani ya tumbo lake. Kampuni ya Ives, ya Bridgeport katika Connecticut, ilikuwa na swichi nzuri ya namna hiyo tangu mwaka wa 1924. Ives ilifilisika mwaka wa 1928, mali yake ikaishia mikononi mwa Lionel, na elimu ya aliyeshindwa ikaendesha injini za aliyeshinda. Kila umeme ukatwapo na kurudishwa, swichi hupiga hatua moja: mbele, simama, nyuma, simama. Pembeni mwake mna kijiti cha kuifunga isibadilike. Kwa hiyo warithi wengi wamehukumu kwamba injini ya babu imekufa, kumbe aliyeicheza mara ya mwisho aliifunga katika hatua ya kusimama, akaiweka sandukuni. Dawa ya ugonjwa huo ni ncha ya kidole.

Historia ya nchi nayo iliacha alama zake katika sanduku. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, mwaka wa 1934, Lionel iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama kwa ajili ya madeni. Mwaka huo huo ilitoa kigari kidogo cha reli kilichosukumwa na vinyago vya Mickey Mouse na Minnie, bei yake dola moja, kikanunuliwa zaidi ya mara 250,000. Magazeti yalisema panya ameiokoa kampuni. Faida ya dola moja moja haikutosha kufanya muujiza huo, lakini hadithi ilipendeza kuliko hesabu. Mwaka wa 1942 vita vilikomesha utengenezaji wa treni za chuma, na kiwanda kikageukia dira na vyombo vingine vya jeshi la majini. Mwaka wa 1943 watoto waliuziwa treni ya karatasi ngumu, isiyo na mota wala umeme. Katika miaka hiyo treni ya zamani ya kaka au ya mjomba haikuwa kumbukumbu. Ilikuwa ndiyo treni. Hata vita vya Korea vimo sandukuni. Mwaka wa 1950 kampuni ilianza kutia sumaku katika injini ili magurudumu yashike reli. Mwaka wa 1952 madini ya kutengenezea sumaku hizo yalipungua, na injini za mwaka huo zikatoka bila ya sumaku. Afunguaye injini mbili na kuzilinganisha husoma habari za dunia pasipo kitabu.

Baada ya vita ilikuja neema. Mwaka wa 1946 injini zilianza kutoa moshi, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 Lionel ilihesabiwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa vitu vya kuchezea duniani. Treni iliyozunguka chini ya mti wa Krismasi ikawa sehemu ya sikukuu yenyewe. Kisha mambo yaligeuka upesi. Watoto waliinua macho kwenye ndege na vyombo vya angani, na treni za kweli zilizowapa hamu zilikuwa zikipoteza abiria. Cowen aliuza hisa zake mwaka wa 1959, akafa mwaka wa 1965, na mwaka wa 1969 haki ya kutengeneza treni kwa jina la Lionel ilipewa kampuni ya vyakula ya General Mills. Hivyo ilitokea kwamba vyombo imara viliwekwa kando kabla ya kuchakaa. Havikutupwa kwa sababu vilikuwa ghali na vizuri. Havikuchezwa kwa sababu wenyewe walikuwa wamekua. Dari za nyumba zikawa ghala.

Sasa tazama kazi ya kuzifufua, maana ina utaratibu wake, na auvunjaye hudhurika. Hatari haimo katika treni. Imo katika transfoma, ambayo hupokea volti 120 za nyumba na kuzishusha hadi chini ya volti 25. Mpira wa waya wa zamani hukauka na kubanduka kama ganda la mti mkavu. Haifai kuutia waya huo ukutani kwa kujaribu tu, hata kwa nukta moja. Kwanza hubadilishwa, ndipo mengine yafuate. Baada ya hapo ni zamu ya reli, ambazo husuguliwa mpaka chuma kionekane. Msuguaji mwenye busara huepuka pamba ya chuma, kwa maana chembe zake hurukia sumaku za injini na kuingia ndani ya mota. Mwisho hufunguliwa injini yenyewe. Oili ya zamani imeganda kama ulimbo, nayo yapasa kuondolewa yote kabla ya kutia mpya tone moja moja. Uso wa shaba ambao brashi za kaboni huugusa umekuwa mweusi. Hufutwa mpaka ung'ae, na mifereji midogo baina ya vipande vyake husafishwa kwa kijiti. Kisha umeme hupandishwa polepole. Injini hunguruma, hutetemeka, hutoa harufu ya cheche na mafuta ya moto, hukwama, husukumwa kwa kidole, halafu huenda.

Haya yote hufanywa kwa bisibisi, kitambaa na subira. Sababu yake ni kwamba waundaji walitaka iwe hivyo. Mwili umeshikwa kwa skrubu, brashi hutoka na kurudi, taa zabadilishwa, na kampuni iliidhinisha mafundi mijini, ikawapa vitabu na vipuri. Kampuni ile ya kwanza ilipokwisha, elimu yake haikwenda nayo kaburini, kwa kuwa ilikwisha kuenea mikononi mwa watu. Kitu kilichofungwa kwa gundi ili kisifunguke hufa siku kinapoharibika mara ya kwanza; kitu kilichokubali kufunguliwa chaweza kuharibika mara kumi na kuishi mara kumi na moja.

Lakini si kila mfu hufufuka. Kati ya vita vikuu viwili, watengenezaji wa Marekani na Uingereza walimimina magurudumu na miili ya injini kwa mchanganyiko wa zinki. Penye zinki iliyochafuliwa na risasi, hata kidogo sana, chuma huanza kuliwa kutoka ndani. Huvimba, hupasuka, na mwishowe humeguka mkononi kama biskuti. Baadhi ya magurudumu ya Lionel ya miaka ya 1930 yalikwenda hivyo, na vivyo hivyo baadhi ya injini za Hornby Dublo zilizotoka Liverpool tangu mwaka wa 1938 hadi vita vilipoingia. Hapana oili wala subira ya kuponya ugonjwa huo, kwa sababu kosa lilitiwa siku ya kuzaliwa. Kilichoharibiwa na uvivu wa mtumiaji hutengenezeka. Kilichoharibiwa na uzembe wa mwanzo hakitengenezeki, ila kwa kuondolewa na kuwekwa kingine.

Imebaki hitilafu moja baina ya wapenzi wa treni hizi wenyewe. Mwaka wa 1954 wakusanyaji wa Marekani walianzisha chama chao, Train Collectors Association, na soko la vitu vya kale likakua. Katika soko hilo injini isiyoguswa, iliyomo katika sanduku lake la kwanza, ina thamani kubwa kuliko ile iliyotembea; na rangi ya zamani iliyochubuka ina thamani kuliko rangi mpya iliyopakwa vizuri. Hoja ya mkusanyaji yapaswa kusikilizwa: kila mzunguko hula chuma kidogo, na kilichokwisha hakirudi. Hoja ya mfufuaji nayo ina nguvu: treni isiyotembea ni picha ya treni. Mwamuzi wa haki huweza kutenganisha mambo mawili. Kusafisha, kutia oili na kubadilisha waya hakufuti lililoandikwa na wakati. Kupaka rangi upya hulifuta. La kwanza ni utunzaji, na la pili yafaa lifikiriwe mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo urithi huu wataka lirekebishwe. Matangazo ya zamani yalimwonyesha baba na mwanawe wa kiume wameinama juu ya reli, na binti, kama yupo, akitazama. Mwaka wa 1957 Lionel iliwatolea wasichana treni ya rangi ya waridi. Haikununuliwa sana, na inasemwa kwamba wasichana waliopenda treni walitaka treni inayofanana na treni. Leo uchache wake umeifanya ipiganiwe na wakusanyaji. Siku hizi sanduku la babu laweza kumwangukia mjukuu yeyote, wa kike au wa kiume, na injini haiulizi mkono ulioshika bisibisi ni wa nani. Mjukuu asiyeifungua huwa amepewa uzito wa chuma. Aifunguaye, akasafisha, akatia oili, akabadilisha waya, huwa amepewa kazi ya babu yake, na pamoja nayo njia ya kuikabidhi kwa mwingine.